Lango la Miaka 19 Lamlinda Nani?

Katika Marekani kijana aliyetimiza miaka 18 aweza kupiga kura. Aweza kujiandikisha jeshini na kupelekwa ng'ambo kupigana. Aweza kutia sahihi mkataba wa nyumba, na akivunja sheria hufungwa pamoja na watu wazima. Lakini kijana huyo huyo akiwa hodari wa mpira wa kikapu, hodari hata wenye timu kubwa wakawa wanammezea mate, hawezi kuajiriwa na timu yo yote ya ligi ya NBA. Kifungu kimoja cha mkataba uliofungwa mwaka 2005 chamkataza. Ni lazima atimize miaka 19 katika mwaka ule anaochaguliwa, na kama amesoma sekondari huko Marekani ni lazima kwanza upite mwaka mzima tangu darasa lake limalize masomo.

Labda msomaji atauliza, hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, vijana wa Afrika ya Mashariki wamekwisha kupita katika lango hilo, na wengine wako njiani. Pili, hata asingekuwako kijana wetu mmoja, jambo lenyewe ni la mtu na jasho lake: nani aruhusiwe kuliuza, lini, na kwa bei ya nani. Kwa hiyo twaomba wapenzi wa michezo na wasio wapenzi wa michezo watuvumilie tueleze jinsi lango hili lilivyojengwa, maana halikujengwa siku moja, wala halikujengwa na mikono ile tunayoambiwa.

Zamani NBA ilikuwa na amri kali zaidi. Kijana hakuweza kuajiriwa mpaka ipite miaka 4 tangu darasa lake limalize sekondari, yaani muda ule ule wa kumaliza chuo kikuu. Kwa vyuo hiyo ilikuwa amri tamu sana, kwa sababu vilipata miaka 4 ya kazi ya kijana bila kumlipa mshahara. Na kwa wenye timu ilikuwa tamu vile vile, kwa sababu vyuo viliwafundishia wachezaji na kuwatangazia majina yao bila gharama. Aliyeivunja amri hiyo ni Bwana Spencer Haywood. Alizaliwa mwaka 1949 huko Silver City katika jimbo la Mississippi, mmoja wa watoto 10 wa mama aliyechuma pamba. Mwaka 1968 aliiletea nchi yake medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Mexico. Mwaka uliofuata akaingia ligi ya ABA, iliyokuwa mshindani wa NBA na isiyojali sana amri za mwenzake, na msimu wake wa kwanza akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Mwaka 1970 timu ya Seattle ya NBA ikamwajiri, na ligi ikasema la, miaka 4 haijatimia.

Bwana Haywood alikwenda mahakamani. Kwa masimulizi yake mwenyewe, kuna viwanja alikotangazwa kwa kipaza sauti kuwa ni mchezaji haramu, na mahali pamoja akatolewa nje kwenye theluji akiwa amevaa nguo za kuchezea. Tarehe 1 Machi 1971 Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu alirudisha amri ya mahakama ya chini iliyomruhusu kucheza, na baadaye ligi ikapatana naye. Hoja iliyomshindia ilikuwa nyepesi ya kuelewa: wenye timu, ambao ni wanunuzi wa kazi, hawana haki ya kukaa peke yao na kukubaliana kwamba hakuna hata mmoja wao atakayemnunua fulani. Msomaji na aishike hoja hiyo, kwa maana tutairudia.

Ligi haikufungua mlango wote. Iliweka utaratibu mpya ambao kijana aliruhusiwa kuingia mapema akithibitisha kwamba yuko katika dhiki. Hebu fikirini! Mtu athibitishe umaskini wake kwanza ndipo aruhusiwe kufanya kazi. Sisi tuliozoea kuona mtu akidaiwa vyeti vya kila namna kabla ya kupewa kibarua, cheti cha dhiki ni kipya kwetu. Utaratibu huo uliendelea mpaka mwaka 1976.

Katikati ya miaka hiyo akatokea Moses Malone, mtoto wa Petersburg katika jimbo la Virginia. Alilelewa na mama yake peke yake, na shule yake ya sekondari ilishinda michezo 50 mfululizo. Makocha wa vyuo walipiga kambi Petersburg kama wachumba wanaoshindania binti mmoja. Mwisho Malone alikikubali Chuo Kikuu cha Maryland, lakini kabla hajaanza masomo timu ya Utah ya ABA ikaja na mkataba, naye akautia sahihi. Ilikuwa mwaka 1974 naye alikuwa na miaka 19. Walikuwako waliosikitika kwamba mtoto ameharibika. Mtoto huyo alikuja kuwa mchezaji bora wa NBA mara 3, mwaka 1979, 1982 na 1983, na mwaka 1983 akaipa timu ya Philadelphia ubingwa. Mwaka 1975 wakafuata wawili walioingia NBA moja kwa moja kutoka sekondari, Darryl Dawkins na Bill Willoughby. Baada yao njia hiyo ikaota nyasi kwa miaka 20.

Aliyeifyeka tena ni Kevin Garnett, kijana wa South Carolina aliyemalizia sekondari katika shule ya Farragut mjini Chicago. Mwaka 1995 timu ya Minnesota ilimchagua akiwa wa 5. Mwaka 1996 akafuata Kobe Bryant kutoka shule ya Lower Merion, karibu na Philadelphia, ambaye alikuwa na miaka 17 hata ikabidi wazazi wake watie sahihi pamoja naye katika mkataba wa kwanza. Kutoka hapo wakaja kwa makundi. Mwaka 2001, kati ya vijana 4 wa kwanza waliochaguliwa, 3 walikuwa wametoka sekondari. Mwaka 2003 akatoka Akron, katika jimbo la Ohio, kijana aliyeitwa LeBron James.

Kwa nini vijana walianza kumiminika wakati ule? Wengi husema ni tamaa. Sisi twaona hesabu. Mwaka 1994 kijana aliyechaguliwa wa kwanza, Glenn Robinson, alipata mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 68 kabla hajacheza hata mchezo mmoja, na wenye timu wakashtuka. Mwaka 1995 wakapata katika mapatano mapya kipimo cha mshahara kwa kila mchezaji mpya wa duru ya kwanza: wa kwanza kiasi hiki, wa pili kiasi kile, na hakuna kubishana bei. Tangu hapo utajiri wa mchezaji haumo katika mkataba wa kwanza, bali katika mkataba wa pili, anapokuwa huru kujadiliana. Basi mwenye akili atafanya nini? Ataanza kuuhesabu ule mkataba wa kwanza mapema awezavyo, ili wa pili umfikie akiwa bado kijana mwenye magoti mazima. Garnett alipofikia zamu yake, mwaka 1997, alipata dola milioni 126 kwa miaka 6. Mwaka 1998 wenye timu walifunga viwanja vyao kudai mapatano mapya, na msimu uliokuwa uwe wa michezo 82 ukawa wa michezo 50. Wenye timu ndio waliotia mbolea, kisha wakalalamika kwamba magugu yameota.

Tusiufiche upande wa pili. Si kila aliyeruka alitua kwa miguu. Korleone Young alichaguliwa mwaka 1998 akiwa wa 40, na Detroit ikamchezesha michezo 3 tu. Hakucheza tena katika NBA. Lazima ieleweke jinsi uchaguzi huo unavyofanyika. Kila mwaka timu huchagua vijana kwa zamu, na kijana hana kauli juu ya timu itakayomchukua. Wanaochaguliwa katika duru ya kwanza wana mshahara uliohakikishwa kwa muda maalum. Wa duru ya pili hawana uhakika wo wote. Timu yaweza kumfukuza siku yo yote. Hivyo kati ya kijana wa mwisho wa duru ya kwanza na wa kwanza wa duru ya pili upo upana wa unywele mmoja katika uhodari, na upana wa bonde katika maisha.

Lakini kilichowavunja vijana wale hasa hakikuwa kuanguka. Kilikuwa kukuta mlango wa nyuma umefungwa. Mwaka 2001 Lenny Cooke wa New York alihesabiwa miongoni mwa vijana bora kabisa wa sekondari nchini mwake. Mwaka 2002 akajiandikisha katika uchaguzi na hakuchaguliwa na timu hata moja. Je, angeweza kurudi akasome na kucheza chuoni, akajaribu tena akiwa amekomaa? Hapana. Kwa kanuni za NCAA, chama kinachotawala michezo ya vyuo, aliyekwisha shikana mkono na wakala wakati ule hakuwa mchezaji wa ridhaa tena. Kanuni hiyo haikuandikwa na NBA, wala haikuletwa na ujinga wa kijana. Iliandikwa na wale wale waliokuwa wakisimama jukwaani kusikitika kwamba vijana wanaacha elimu. Walimwambia kijana usiende, na alipoteleza wakamwambia usirudi.

Tumemtaja James wa Akron, na kisa chake chastahili nafasi. Mwaka wake wa mwisho wa sekondari, shule ya St. Vincent-St. Mary ilihamishia michezo yake ya nyumbani katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Akron, maana ukumbi wa shule haukuwatosha watu waliokuwa wakinunua tiketi. Televisheni ya taifa ilimwonyesha Desemba 2002, na watu wa Ohio walilipia kumwona katika televisheni zao majumbani. Wauza tiketi walipata na wenye televisheni walipata. Ndipo Januari 2003 chama cha michezo ya sekondari cha jimbo kikamfungia kijana. Kosa lake? Alipokea bure kutoka duka moja fulana mbili za michezo, thamani yake dola 845. Hakimu alimrudisha kiwanjani baada ya muda mfupi. Miezi michache baadaye, kabla ya siku ya uchaguzi wenyewe, kampuni ya Nike ilimpa mkataba wa dola milioni 90. Mtu huyu aliyehukumiwa kwa fulana mbili ndiye aliyeshinda ubingwa wa NBA mara 4, na tarehe 7 Februari 2023 akawa mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote katika historia ya ligi.

Twafika sasa mwaka 2005. Msimamizi wa ligi wakati huo, Bwana David Stern, alitaka umri uwe miaka 20. Chama cha wachezaji kilikataa, kisha kikalegea, na pande mbili zikakutana kwenye 19. Hapa ndipo tulipomwomba msomaji aishike hoja ya Haywood. Amri ya zamani ilianguka mwaka 1971 kwa sababu wenye timu waliitunga peke yao. Amri mpya imesimama kwa sababu chama cha wafanyakazi kilitia sahihi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika kesi ya kijana wa mpira wa miguu wa Kimarekani aitwaye Maurice Clarett, mahakama ya rufani ilisema kwamba umri wa kuingia kazini ni jambo ambalo waajiri na chama cha wafanyakazi waweza kulipatana, na kijana aliye nje hana la kufanya. Aliyeiandika hukumu hiyo ni Jaji Sonia Sotomayor, ambaye tangu 2009 yumo katika Mahakama ya Juu. Wenye timu waliielewa njia mara moja: amri iliyokatazwa ukiitunga peke yako, yakubaliwa ukimpata mwenzako wa kutia sahihi.

Na nani waliotia sahihi? Wanachama wa chama. Na nani wanachama? Ni wachezaji waliokwisha ingia. Kijana wa miaka 17 aliyekuwa akicheza katika ukumbi wa shule huko Georgia au Ohio hakuwa mwanachama, hakuwa na kura, na hakuwa na mtu wa kumsemea. Kila nafasi aliyonyimwa yeye ilibaki kwa mtu wa miaka 33 mwenye familia na kadi ya uanachama. Hatuwalaani watu hao. Mfanyakazi kulinda kibarua chake ni jambo la kawaida, na sisi tumeunga mkono vyama vya wafanyakazi siku zote. Lakini chama kinapouza haki ya mtu ambaye hakumo ndani yake, ili kupata afadhali katika kifungu kingine, lazima tukiite kitendo hicho kwa jina lake. Ni kulipa deni kwa fedha za jirani. Jermaine O'Neal, ambaye mwenyewe aliingia kutoka sekondari mwaka 1996, aliuliza hadharani mwaka ule ule wa 2005 kama rangi ya vijana hawa haina sehemu katika jambo hili. Wakubwa walikasirika. Swali lilikuwa la haki kabisa, kwa maana wengi wa vijana waliozuiwa walikuwa weusi. Katika mpira wa besiboli wa Marekani kijana huajiriwa akimaliza sekondari tu, na katika magongo ya barafu huchaguliwa akiwa na miaka 18, na hatukusikia kilio cha kitaifa juu ya elimu yao.

Watetezi wa amri husema kijana hajakomaa. Hatulipuuzi neno hilo. Mvulana anayepewa mamilioni mkononi akiwa na miaka 18, mbali na kwao, amezungukwa na binamu wapya asiowajua, yumo hatarini. Lakini twauliza, je, mwaka mmoja chuoni humkomaza? Kijana huingia mwezi wa Agosti, huanza kucheza Novemba, na mwezi wa Aprili amekwisha kuondoka. Hiyo si elimu, ni kituo cha basi. Wapinzani wa vijana humtaja sana Kwame Brown, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2001 kutoka sekondari, kuwa mfano wa kuharibikiwa. Brown hakuwa nyota, ni kweli. Lakini alicheza katika ligi hiyo misimu 12, na wengi waliokaa vyuoni miaka 4 hawakufikisha hata nusu yake.

Tena tunaye mfano wa nyumbani. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, akasoma Makongo, kisha akamalizia sekondari mjini Houston na kuingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Alikaa chuoni miaka 3, akawa mmoja wa wachezaji bora wa vyuo. Tarehe 25 Juni 2009 timu ya Memphis ilimchagua akiwa wa 2, na akawa Mtanzania wa kwanza katika NBA. Siku hiyo tulijivunia, na bado twajivunia. Lakini katika msimu wake wa kwanza alipelekwa ligi ndogo kujifunza, na baada ya mwaka 2014 hakucheza tena NBA, wakati Stephen Curry, aliyechaguliwa wa 7 siku ile ile, anahesabiwa leo miongoni mwa wakubwa wa mchezo huo. Hatusemi haya kumpunguzia heshima kijana wetu. Kumfikisha mtu wa Makongo katika nafasi ya 2 ya dunia si mchezo. Twasema tu kwamba miaka 3 ya chuo haikumhakikishia Thabeet jambo lo lote, na kukosa siku hata moja ya chuo hakukumzuia Garnett kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2004. Kukomaa hakupimwi kwa kalenda. Hutegemea mtu aangukie mikono gani, kocha gani, timu yenye subira au isiyo nayo.

Basi kama amri haimkomazi kijana, faida yake iko wapi? Iko kwa wenye timu, ambao humtazama kijana mwaka mmoja zaidi kabla ya kununua, na ambao huuona mkataba wa pili, ule wa gharama, ukisogea mbele mwaka mmoja. Na kwa miaka mingi ilikuwa kwa vyuo. Mwaka 2010 NCAA iliuza matangazo ya mashindano yake ya mwezi wa Machi kwa miaka 14, kwa dola bilioni 10.8. Waliouzwa katika televisheni walipata masomo, chakula na kitanda. Waliitwa wanafunzi wanamichezo, na jina hilo nalo lina historia yake. Lilitungwa katika miaka ya 1950, wakati ambapo mjane wa kijana mmoja wa jimbo la Colorado, aliyekufa kwa kuumia kichwa mchezoni mwaka 1955, alidai fidia kama ya mfanyakazi aliyekufa kazini. Mahakama ya jimbo ilimkatalia mwaka 1957. Jina lilikuwa limefanya kazi yake: mwanafunzi si mfanyakazi, na asiye mfanyakazi hana fidia.

Ukuta huo umebomoka mbele ya macho yetu. Ed O'Bannon, bingwa wa vyuo wa mwaka 1995, alifungua kesi mwaka 2009 baada ya sura yake kutumiwa katika mchezo wa kompyuta bila kulipwa. Tarehe 21 Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, na siku chache baadaye vijana wa vyuo wakaruhusiwa kupokea fedha kwa matumizi ya majina na sura zao. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken alipitisha mapatano ya karibu dola bilioni 2.8 ya kuwalipa wachezaji waliopita, na kuruhusu kila chuo kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 hivi katika mwaka wa kwanza. Yale yaliyokuwa dhambi mwaka 2003 kwa fulana mbili, leo ni ankara inayoandikwa na mhasibu wa chuo.

Wakati ukuta ukitikisika, zilijaribiwa njia za pembeni. Mwaka 2008 Brandon Jennings alikwenda Italia akacheza Roma msimu mmoja badala ya chuo, kisha akachaguliwa wa 10. Mwaka 2020 NBA yenyewe iliunda timu iliyoitwa Ignite ya kuwalipa vijana waliotoka sekondari. Ilifungwa mwaka 2024, kwa sababu vyuo vilikuwa vimeanza kulipa na vijana hawakuiona haja yake. Hapo twaona kwamba hofu ya kumlipa kijana haikuwa na msingi. Vyuo vinalipa, viwanja vimejaa, na watazamaji wanaendelea kutazama.

Lakini kuna watu ambao mabadiliko hayo hayakuwafikia sawasawa, nao ni wetu. Kijana wa nchi ya nje huingia Marekani kwa ruhusa ya mwanafunzi, na ruhusa hiyo humbana sana katika kufanya kazi ya malipo ndani ya nchi hiyo. Mwenzake Mmarekani, wanayelala chumba kimoja na kuvaa jezi za timu moja, atatangaza magari na kulipwa. Yeye akifanya hivyo aweza kuhatarisha ruhusa yake ya kukaa nchini. Mzazi wa Arusha au wa Kampala anayeambiwa na wakala kwamba vyuo vya Marekani sasa vinalipa mamilioni, na aulize kwanza habari ya ruhusa hiyo. Aulize pia nani atalipa nauli ya kurudi kijana akiumia goti, na kama shule anayopelekwa ni shule ya kweli yenye mitihani, au ni kiwanja chenye bweni.

Zipo sasa njia za Afrika yenyewe. Mwaka 2017 NBA ilifungua chuo cha kufundishia vijana huko Senegal, na mwaka 2021 Ligi ya Kikapu ya Afrika ilianza mjini Kigali. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan ya Kusini, na kukulia Uganda kama mkimbizi. Aliugusa mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 13 hivi. Alipita chuo cha Senegal, akacheza ligi ya Afrika misimu 3, na msimu wa 2024 alivaa jezi za City Oilers ya Kampala. Mwaka ule ule aliichezea nchi yake katika Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Akakaa mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa 10, akaenda timu ya Phoenix. Mwaka 2024 Ulrich Chomche wa Kamerun alichaguliwa wa 57 moja kwa moja kutoka chuo kile cha Senegal bila kupita chuo kikuu cho chote. Ni jambo jema, ingawa tusisahau kwamba mwenye shule na mwenye soko ni mtu mmoja.

Sisi twaona umri urudishwe kuwa miaka 18, na mlango wa nyuma uachwe wazi. Si jambo geni. Kijana wa besiboli huchaguliwa akimaliza sekondari, na akiiona bei ni ndogo hukataa na kwenda zake chuoni kucheza, hakuna anayemwita haramu. Kikapu chaweza kufanya vivyo hivyo. Tume ya vyuo iliyoongozwa na Bibi Condoleezza Rice ilipendekeza mwaka 2018 kwamba amri ya 2005 iondolewe, na hata Bwana Adam Silver, aliyeshika nafasi ya Stern, aliwahi kusema umri uteremshwe. Pamoja na hayo, mapatano mapya yalipofungwa mwaka 2023 kifungu kilibaki pale pale. Mara hii hatukusikia kelele nyingi, kwa sababu vyuo vinalipa na kijana wa Kimarekani hana haraka kama zamani. Anayeumia kwa kuchelewa ni yule asiyeweza kulipwa chuoni, yaani mgeni.

Mapatano hayo yanakwenda hadi msimu wa 2029-30, ingawa kila upande waweza kujitoa mwaka mmoja kabla. Mtoto ambaye mwaka 2025 alikuwa na miaka 14, anayerusha mpira katika pete isiyo na wavu nyuma ya shule yake, atatimiza 18 kabla wakubwa hawajakutana tena mezani, na kiti chake mezani hapo bado hakijatengenezwa.